Kabla hujagusa brashi: askari wadogo, mawese na vumbi la Kigoma

Askari wangu wa sanamu kumi na wawili wa kwanza niliwaharibu kwa migebuka, samaki wa ziwa letu. Jioni ile nilikuwa nimekula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, nikanawa mikono juujuu, maana kazi niliyoipenda ilikuwa inaningoja mezani. Nikawashika mmoja mmoja, nikiwageuza na kuwatazama kwenye taa. Kesho yake rangi ikawakataa. Mgongoni na mabegani ilijikusanya vitone vitone kama maji juu ya jani la mgimbi, na pale iliposhika, siku mbili baadaye ilibanduka kwa ukucha.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa vita wa mezani: wachezaji wawili, dadu, tepu ya kupimia, na kila mmoja ana jeshi lake la sanamu ndogo. Za kwangu ni za madini, zina kimo cha milimita 28 hivi, na nilimwagiza mtu aliyekuwa anatoka Uingereza. Sisi hapa Mwanga, Kigoma, tunacheza vita ya 1914 hadi 1918, kwa sababu ilipita mlangoni petu. Liemba yenyewe, meli ya Ziwa Tanganyika, ni ya vita hiyo. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen, na Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi wao walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Basi mafuta yaleyale yaliyookoa injini za meli ndiyo yaliyoniulia kikosi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu rangi. Ni maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki mkuukuu. Hata kama hujala mawese, sanamu hutoka kiwandani na utelezi wa dawa inayopakwa kwenye kalibu ili kitu kisigande. Sugua, suuza, acha ikauke usiku kucha. Baada ya hapo usiishike mwilini tena. Igandishe kwa tone la gundi juu ya kifuniko cha chupa ya maji, kisha ushike kifuniko.

Kabla ya kuosha, lakini, tafuta mshono. Pale nusu mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari mwembamba unaopanda mguuni, ukapita ubavuni hadi juu ya kofia. Ukiwa mgeni wa kazi hii hutauona. Utauona siku ya mwisho, rangi ikishakauka, umesimama kama kovu. Mimi huukwangua kwa wembe nilioulaza, si kwa kukata bali kwa kuparuza, halafu msasa laini. Askari mmoja hunila dakika kumi. Wenzangu hunicheka kwa hilo, na mimi huwacheka wao tukiwapanga askari mezani.

Andakoti, yaani rangi ya kwanza inayozishika nyingine, ndiyo inayowatoa watu machozi huku kwetu. Rangi ya kopo la kupuliza ukiipiga saa nane mchana wa jua kali, hukaukia hewani kabla haijafika, na askari anakuwa na ngozi ya msasa. Ukiipiga mvua ikiwa imetanda, inaota ukungu mweupe, na vanishi ni mbaya zaidi kwa hilo. Miezi ya kiangazi nayo ina vumbi. Mimi hupuliza asubuhi, jua likiwa bado changa na upepo wa ziwa haujaamka. Tikisa kopo dakika mbili nzima, simama kama sentimita 25, pitisha mkono haraka na usikae mahali pamoja. Tabaka jembamba. Ukiona bado sehemu zinang'aa madini, subiri, kisha urudie.

Rangi zenyewe zichanganye na maji mpaka ziwe na uzito wa maziwa, si wa mtindi. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito inayoziba vifungo vya shati.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi niliyoyakuta yalikuwa ya kupaka nyuso za Wazungu, na mtu akiyafuata kwa askari wetu anaharibu. Wanakwambia ongeza nyeupe ili kupata mwanga wa shavuni. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia, askari anakuwa kama amepauka kwa baridi, hajapaka mafuta. Anza na kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo, kisha mwanga wa pua, shavu na vifundo vya vidole uupate kwa kuongeza rangi ya chungwa au ya udongo. Na usiwapake wote rangi moja! Changanya kahawia tatu tofauti, uwagawie bila mpangilio. Tazama foleni yoyote ya stesheni ya Kigoma, utaona ninachosema. Macho siyapaki. Kwa umbali wa mkono, kivuli chini ya kofia kinatosha, na jicho likikosewa linamfanya mtu aonekane ameona jini.

Khaki nayo isiwe moja. Sare iliyofuliwa mara nyingi hufifia, hivyo wengine wape khaki mpya, wengine iliyokaribia kuwa nyeupe.

Mpwa wangu wa darasa la tano ndiye aliyenifundisha kuhusu vitako, yaani vile vibao vidogo wanavyosimamia askari. Nilikuwa nimemaliza kikosi, najisifu, akaja akainama mezani.

"Mjomba, hawa wametoka wapi?"

"Wametembea kutoka Tabora."

"Mbona viatu visafi?"

Tangu siku hiyo natumia udongo wa barabarani kwetu, ule mwekundu. Unapepetwa kwa chujio la chai, unakaangwa kwenye kikaango kikavu mpaka uache kutoa mvuke. Usipofanya hivyo kitako kitaota ukungu, najua ninachosema. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kitako, nyunyiza, kisha mpake askari huohuo wekundu miguuni hadi karibu na goti kwa brashi iliyokaribia kukauka kabisa. Nyasi za kiangazi hutoka kwenye kamba ya katani iliyokatwa vipande vya milimita nne, wala haihitaji rangi. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa, ni majani yaliyoanguka chini ya mwembe. Mchanga wa ufukweni Kibirizi nimeujaribu pia, lakini punje zake ni kubwa mno, askari anaonekana amesimama juu ya mawe. Kumbuka tu kwamba vanishi huukoleza udongo, kwa hiyo usishtuke ukiona umekuwa mweusi kuliko ulivyotaka.

Wale kumi na wawili wa migebuka sikuwatupa. Niliwaloweka kwenye spiriti ndani ya kopo la kahawa, nikawasugua kwa mswaki. Wako dirishani sasa, wamekauka, kila mmoja juu ya kifuniko chake. Kesho kama ziwa limetulia nitapuliza andakoti, na leo nakula maharage.