Ndege ya majini ya mbao: anza na maboya

Kama unataka kuchonga ndege ya majini, ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na maboya, yaani vyombo vya kuelea vinavyokaa chini ya ndege mahali pa magurudumu; mabawa yasubiri. Wengi huvutwa na mabawa kwa kuwa ndiyo yanayovutia macho, maboya wakayapachika mwishoni. Matokeo yake ndege huinamisha pua au hulalia upande mmoja, na wakati huo hakuna cha kurekebisha bila kubomoa. Maboya mawili yakishakaa sambamba juu ya ubao ulionyooka, kila kipande cha juu kina mahali pa kupimiwa.

Ndege ninayoipenda kuliko zote ni Short 827 ya Kiingereza. Mwaka 1916 Wabelgiji walipewa nne, wakazisafirisha ndani ya makasha kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Ziliunganishwa karibu na Mtoa, kaskazini ya Kalemie, zikaruka kwenda kudondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe. Baadaye Waingereza waliiibua, na ndiyo MV Liemba tunayoijua. Liemba ina wasimulizi wengi. Ndege zilizokuja kuiwinda hazina, na ndiyo maana nazichonga.

Mabawa ya 827 yalikuwa na upana wa mita 16.4 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1:20 unapata sentimita 82, ukubwa unaokaa vizuri mezani na bado unakuruhusu kuonyesha nguzo na nyaya zinazounganisha bawa la juu na la chini. Chini ya kipimo hicho, nguzo zinakuwa nyembamba mno kwa mbao zetu. Kumbuka bawa la juu ni refu kuliko la chini, na mbali na maboya mawili makubwa kuna madogo matatu: moja kila ncha ya bawa la chini na moja mkiani. Haya madogo ndiyo husahaulika.

Boya kubwa usilichonge kwenye gogo moja. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na kipande kinene hupasuka. Mimi huchana paini katikati, nakomba ndani kila nusu, kisha nazirudisha pamoja kwa gundi. Boya linakuwa jepesi na halipasuki ovyo. Paini ya Sao Hill, msitu wa kupandwa wa Iringa, inafaa sana, ila iache chumbani wiki kadhaa kabla ya kuigusa na randa. Kwa nguzo na panga la mbele linalozunguka natumia mninga. Ni mzito zaidi, lakini kati ya mbao zetu ni wachache wanaotulia kama yeye bila kupinda.

Nyaya ndizo zinazoipa ndege hizi za zamani uhai. Usitumie mshipi wa nailoni, kwani hulegea baada ya misimu michache na bawa likaonekana limechoka. Nunua waya wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba kabisa wa milimita 0.23. Kwa 1:20 unawakilisha waya wa karibu milimita 4.6, unaoshabihiana na ule wa kweli.

Kukarabati ndege iliyochongwa na mtu mwingine ni kazi ya aina nyingine, na hapo mkono uwe mzito kuanza. Kwanza wadudu. Ukiona unga mwembamba unadondoka kwenye vitundu, ifunge ndege ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Itoe ikiwa bado imefungwa, isubiri ipate joto la chumba ndipo ufungue, vinginevyo itatokwa jasho na rangi itabanduka.

Pili, rangi ya zamani. Huenda ina risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo usiipige msasa mkavu. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi, na acha kila kinachoweza kubaki. Rangi iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Ndege nyingi nzuri zimeharibiwa na kopo la rangi ya kupulizia.

Kiungo kilichoachia, jaribu tone la maji ya uvuguvugu. Gundi ikilainika na kunata, huenda ni gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi za wanyama. Irudishie gundi ya aina ileile, ili siku nyingine kiungo kifunguke bila kuvunja mbao. Gundi kali za siku hizi zikishashika hazirudi nyuma, na kwenye ndege ya zamani sizitumii hata kwa kipande kidogo.

Nguzo ukilazimika kuibadilisha, andika kwa penseli upande usioonekana mwaka na aina ya mbao, ili fundi atakayeifungua baada yako ajue kipi ni cha mchongaji wa kwanza na kipi ni chako.