Miguu ya gari uliyoikarabati: malizana na chumvi kabla ya kushika rangi

Gari linalovuka na pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, au linalolala Msasani na Kunduchi ambako upepo wa bahari unapuliza usiku kucha, huoza miguu, yaani vyuma vinavyoyashika matairi na kulibeba gari, mapema kuliko gari la Dodoma. Mimi ni mkazi wa pwani, na vipuri vya miguu ya gari langu nakarabati mwenyewe: aamu za chini (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na gari), springi, nondo ya stebilaiza (inayozuia gari kulala kwenye kona). Chuma cha kiwandani kikiwa bado kizima, sioni sababu ya kukitupa na kununua kipya cha bei poa ambacho sijui kimetengenezwaje. Ila kazi hiyo ina faida pale tu kutu isiporudi, na wengi wanaharakisha kupuliza rangi nyeusi ing'ae wakati chumvi bado imo ndani ya chuma.

Vipuri vya mtumba kutoka Japani vina mambo yake pia. Gari lililotembea Hokkaido limepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo ukinunua aamu Gerezani, igeuze juu chini, tazama mishono ya kuchomelea, kisha igonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu. Ikibanduka maganda kama kitunguu, muachie mwenyewe.

Kazi inaanza na sabuni na maji, grinda baadaye. Ukianza kusugua kwa brashi ya waya juu ya gurisi na chumvi, unavisukumia kwenye vishimo vya kutu. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvichumvi, na ukioshea hayo unairudisha ileile uliyokuwa unaitoa.

Ukishasugua mpaka chuma kikawa cheupe, kiloweshe kwa maji safi, ukiache kivulini mpaka asubuhi, halafu kitazame kwa karibu. Penye usafi utaona ukungu mwepesi wa rangi ya chungwa, umetandaa sawasawa. Palipobaki chumvi utaona vidoa vya kahawia iliyokolea, karibu vyeusi, kila kimoja kimekaa juu ya kishimo chake. Vidoa hivyo ndiyo malengelenge ya rangi ya kesho. Rudia maji na brashi mpaka vikome, kisha sugua tena, kausha vizuri, ndipo uwaze praima, rangi ya kwanza inayoshikana na chuma.

Ukipeleka kwa wanaosafisha chuma kwa kukipiga mchanga kwa kompresa, uliza mchanga umetoka wapi. Wa ufukweni una chumvi, haufai. Na fundi avae barakoa ya maana, maana vumbi la mchanga linaua mapafu. Chuma kikishapigwa, kipate praima siku hiyohiyo.

Springi nazitenga peke yake. Usizitumbukize kwenye maji ya betri wala asidi nyingine kali, hata kama jirani yako anafanya hivyo na zinatoka zinang'aa. Chuma cha springi ni kigumu sana. Asidi huzalisha haidrojeni inayopenya ndani yake, na springi inaweza kukatika ghafla ukiwa barabarani. Springi ni brashi, msasa na subira. Ukikuta mtobo mkubwa wa kutu kwenye mzunguko wa chini, pale inapokalia kikombe chake na matope hujaa, tafuta nyingine.

Kwenye praima, ile ya epoksi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) imenifaa kuliko redi oksaidi, ile nyekundu ya kopo. Praima yenye zinki ni nzuri pia, kwa kuwa zinki huliwa badala ya chuma, lakini lazima iguse chuma kitupu. Ukishapaka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori, zinki juu yake haifanyi kazi yake. Chagua njia moja. Paka jua likishapanda na umande umekauka, na kipindi cha masika vizia siku kavu. Kwenye kingo na mishono tangulia kwa brashi ya mkono, sababu rangi ya kupuliza hukimbia kingo.

Usipake rangi kwenye tundu la bushi (mpira wa kwenye kiungo), tundu la bolijointi (kiungo cha duara kinachozunguka), uzi wa boliti, wala nyuso mbili zinazobanana. Rangi iliyonaswa katikati ya vyuma hulika polepole na boliti inalegea. Shokapu ipakwe mwili tu. Ile fimbo inayong'aa usiiguse, na usiipeleke kamwe kwenye tanuri la rangi ya unga inayookwa, kwani ina mafuta, na nyingi zina gesi.

Aamu nyingi zimeundwa kwa mabati mawili yaliyochomelewa, katikati ni uwazi. Huko ndani ndiko zinakotobokea. Nta ya kuzuia kutu, yenye mrija mrefu, ipulizwe ndani mpaka ichuruzike. Yale matundu madogo ya chini usiyazibe, ndiyo njia ya maji kutoka.

Kuhusu oili chafu ya injini inayopakwa chini ya gari: naomba tuache. Inavimbisha mpira wa bushi, inadaka vumbi, inadondokea breki na kumwagika ardhini. Lami nene nayo ikipasuka inaficha maji ndani, unakuja kushtuka chuma kimeisha. Kwenye mpira tumia gurisi ya silikoni.

Bushi mpya ziingizwe kwa presi baada ya rangi kukauka kabisa, siyo kwa nyundo, na penye mkwaruzo parudiwe hapohapo. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, siyo likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira unajipinda na kuchanika mapema.

Ukishavuka pantoni na maji ya bahari yakakurukia, mwagia chini kwa maji safi siku hiyohiyo. Gari likienda sevisi, mwombe fundi akuwekee taa chini, tafuta palipochubuliwa na mawe, sugua na upake. Kakopo kadogo ka rangi kakae garini.