Maswali Yenu: Babu hakurudi, bibi haongei

Toleo lililopita niligusia vita vya Kagera, ile vita yetu na Uganda ya Idi Amin, kidogo tu, aya mbili kama sikosei, nikasema hii vita tunaikumbuka kijeshi sana na majumbani tunaisahau. Barua zikamiminika. Wengine wameandika kurasa nzima, wengine mistari miwili, na mmoja ametuma picha ya kofia ya babake. Nimechukua tano leo, ndefu nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Niko Tabata ila kwetu ni Muleba. Babu mzaa baba alichukuliwa mgambo mwishoni mwa 1978, akavuka Uganda, hakurudi. Bibi yupo hai na akili zake timamu, ila nikimuuliza anasema "hayo yameshapita" anageuza stori. Naogopa ataondoka nayo. Nimbane au niache?

Marahaba mdogo wangu. Usimbane, na usiache pia.

Tuangalie kwanza unamuuliza nini. Wengi wetu tukienda kwa wazee tunauliza vita, yaani vita yenyewe, mizinga na Idi Amin. Wajukuu tunajua wanajeshi wa Amin waliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakashika ardhi yote mpaka mtoni Kagera, Amin akatangaza kwamba ile sasa ni Uganda, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tunajua Mwalimu Nyerere aliongea tarehe 2 Novemba na yale maneno ya uwezo, sababu na nia kila mtoto wa shule anayo kichwani. Tunajua Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Sasa bibi yako hakuwepo Kampala. Yeye alikuwa kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na watoto, mgomba unataka kupaliliwa, kahawa inataka kuchumwa, na shemeji zake wameanza kuuliza hiki kibanja sasa ni cha nani. Ukimuuliza vita ya kwenye vitabu anaona hana cha kukwambia, kwa sababu vita yake yeye hajawahi kuulizwa na mtu.

Kuna mama mmoja huko huko kwenu Muleba, pale Kamachumu, ambaye alikuwa anawakatalia wote wanaokuja na kamera. Mimi sikumuuliza kitu, nilikaa naye tunamenya ndizi za mchana, simu nimeiacha ndani, na katikati ya kumenya akaanza mwenyewe kusema kwamba ile siku lori lilipokuja kuchukua wanaume kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye majamvi, wingu limefunga upande wa ziwani, na mume wake akamwambia anua kahawa kwanza halafu uje uniage, akaanua, na alipotoka barabarani lori lilikuwa limeshaondoka. Basi. Alikuwa na kisu mkononi na hakuacha kumenya hata dakika moja. Miaka yote ile alichobeba yule mama ni ile kahawa, kwamba aliianua.

Kwa hiyo muulize bibi vitu vidogo. Babu alivaa nini siku ile? Chakula cha njiani alimfungia nani? Habari ilikuja kwa redio, kwa barua au kwa mtu? Ada ya shule ya baba yako ilitoka wapi mwaka uliofuata? Uliza moja kwa safari moja, ukirudi uliza lingine. Na jambo lingine ulitunze moyoni: kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, kaburi lipo pale, watoto wanakua wanaliona, wageni wanaonyeshwa. Bibi yako ameishi kwenye kibanja ambacho hakina kaburi la mwenye nyumba. Hakuna aliyekuja kumwambia sasa unaweza kulia, sasa matanga yameisha. Akisema "hayo yameshapita" sidhani kama anakudanganya, nadhani anajaribu kuyapitisha tu.

Akikubali kuongea andika jioni ile ile ukiwa bado unasikia sauti yake. Na asipokubali kabisa, waitu, mheshimu, kaa naye hivyo hivyo.

Mjomba wangu anasema kilichoua uchumi wa Tanzania ni vita ya Amin, baba anasema ni ujamaa, kila sikukuu wanagombana mpaka chakula kinapoa. Nani yuko sahihi?

Kila mmoja ameshika kipande, ila mimi nitasimama karibu zaidi na mjomba, kwa sababu vita watu wanaisema haraka haraka kama vile ilikuwa bure.

Haikuwa bure. Makadirio yanayotajwa sana ni dola za Marekani milioni 500, na hiyo ni nchi ambayo miaka michache tu nyuma ilitoka kwenye ukame na uhaba wa chakula, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977 kwa hiyo reli, ndege, posta vyote ilibidi kujianzishia upya, halafu 1979 hiyo hiyo mafuta yakapanda bei dunia nzima. Malori ya mikoani yalichukuliwa kupeleka askari na risasi, mazao yakakaa yakioza kwenye maghala. Mwalimu aliwaambia watu wafunge mikanda miezi 18. Muulize yeyote aliyekuwa mtu mzima wakati ule kama ile miezi 18 iliisha.

Na baba naye ana hoja, siwezi kumnyima. Watu kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, viwanda vya umma vinazalisha nusu ya uwezo au chini yake, mkulima wa kahawa analipwa kidogo na kwa kuchelewa, haya yalikuwepo kabla Amin hajavuka mpaka pale Mutukula. Ugomvi na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, ulifika mpaka waziri wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu 1979. Vita ilikuta nyumba ina nyufa, ikaisukuma.

Lakini nyie mnaobishana mezani, ulizeni waliopanga foleni. Sabuni ya kipande ilikuwa inakatwa kwa uzi nyumba hii na nyumba hii wagawane. Wasipopata walifulia majani ya mpapai. Sukari ilikuja duka la kijiji kwa mgao, balozi wa nyumba kumi ana daftari, jina lako lisipokuwepo umekula chai ya chumvi. Unga wa njano kutoka Marekani ambao watu waliuita yanga, watoto walikuwa wanaukataa na mama hana kingine cha kuwapa. Khanga mpya mtu alikuwa anaitunza kwa ajili ya msiba au harusi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa mitoni na vichakani bidhaa walizokuwa wamezificha huku jirani anazitafuta hazioni dukani, hiyo inauma mpaka leo ukiifikiria. Mambo yalianza kulegea Rais Mwinyi alipoingia 1985 na biashara ikaanza kufunguliwa.

Mwambie mjomba na baba wamalize kula kwanza, halafu bibi ndo aongee.

Eti ni kweli Mwanza ilipigwa bomu? Mwalimu wetu wa historia alikataa.

Ni kweli ilishambuliwa, mwishoni mwa Machi 1979. Gaddafi wa Libya alikuwa anamsaidia Amin, alimpelekea askari na silaha, na ndege ya Libya ikatumwa kupiga maghala ya mafuta Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane pale penye wanyama, swala wakafa, mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Saanane sasa ni hifadhi ya taifa, ukipanda boti ni dakika chache kutoka mjini.

Mimi ni Mganda, naishi Masaka, Kiswahili nilijifunza Nairobi. Nasoma gazeti lenu na kila mara mnasema ukombozi, ukombozi. Babangu alifurahi Amin alipoondoka, lakini nyumba yake na duka lake vilibomolewa na jeshi lenu baada ya mji kuchukuliwa, hakuna vita wakati ule, mji ulikuwa kimya. Hilo mnaliandika lini?

Naliandika leo, na asante kwa kuuliza bila kutukana, una haki ya hasira kubwa kuliko hii.

Ulichosema ni kweli. Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari 1979, Mbarara kesho yake, na miji yote miwili ilibomolewa kwa kiasi kikubwa, Masaka hasa, na mengi yalifanyika kama kisasi. Askari wetu walikuwa wamepita Kagera wakaona yaliyofanywa kule, raia wanaokadiriwa kufika 1,500 wameuawa, wanawake wamefanyiwa unyama, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wameswagwa, kiwanda cha sukari kimeharibiwa, kanisa pale Kyaka limebaki kuta, na kuta zenyewe bado zimesimama ukipita barabarani unaziona. Walivuka mpaka na hasira ile. Naieleza ili ujue ilikotoka. Siitumii kumsamehe mtu, kwa sababu babako na duka lake hawakuvuka Mutukula kuja kuua mtu Kagera.

Mimi ni mtu wa Kagera, ndugu zangu walikimbilia ng'ambo ya mto na vifurushi kichwani, na naamini kabisa kwamba Amin alistahili kuondolewa. Naamini pia kwamba mtu wa Masaka aliyebomolewa nyumba anaomboleza kitu kile kile alichoomboleza mtu wa Kyaka, na kwenye vitabu vyetu vya shule mmoja ana kurasa na mwingine hana hata mstari. Hiyo si haki. Tukiwafundisha watoto wetu kwamba jeshi letu lilishinda tuwafundishe na hilo, wanaweza kulibeba, watoto wana akili.

Na baada ya Amin ninyi hamkupumzika hata kidogo. Lule alikaa siku 68 madarakani, akaja Binaisa, akaja Obote tena, ikaja vita ya msituni mpaka 1986, na askari wetu wengine walibaki huko hadi 1981. Kwa hiyo nikisikia mtu hapa anasema "tuliwapa uhuru" huwa namuuliza uhuru upi na mwaka gani. Mpe babako salamu zangu kama yuko hai. Na kama hayuko, pole sana, niandikie jina la duka lake na lilikuwa linauza nini, toleo lijalo nitaliweka hapa.

Dada habari. Baba alikufa kwenye vita hiyo, mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Tuliletewa barua tu. Mama sasa ni mzee, yuko Singida, anataka kabla hajafa aone alipolala. Tunaanzia wapi?

Nzuri. Pole kwako na kwa mama.

Makaburi ya mashujaa wa Kagera yako Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, mamia wamelala pale. Eneo ni la jeshi, kwa hiyo msifike tu getini familia nzima na mashada mkategemea kufunguliwa. Anzieni huko huko Singida kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, mpelekeeni ile barua, ila mpeni kopi, orijino ibaki na mama. Kwenye barua angalieni kama kuna namba ya jeshi na kikosi, hivyo viwili vinasaidia kuliko jina, maana majina yaliandikwa kwa haraka na herufi zinaweza kuwa zimekosewa. Kama hakuna namba, tafuteni rafiki yeyote wa baba aliyekwenda naye akarudi, wazee wa mgambo wanakumbukana vikosi mpaka leo.

Jiandaeni pia kwamba jina linaweza lisionekane. Takwimu inayotajwa kwenye historia ni wanajeshi wetu 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliofia kwenye mapigano, wengine ni ajali na mambo mengine ya njiani. Kwa hiyo msishangae mkiambiwa baba hakufa kwa risasi. Mwambieni mama mapema, tena aambiwe na nyie watoto wake, asije kuambiwa na mgeni mezani. Aliyekufa kwenye lori la jeshi akienda vitani naye alikwenda vitani.

Tarehe 25 Julai kuna kumbukumbu, mkuki na ngao vinawekwa, viongozi wanakuwepo, na kama mama anapenda kuona mumewe anaheshimiwa hadharani basi siku hiyo itamfaa. Ila kama anataka kukaa naye, kuongea naye, chagueni siku ya kawaida. Mngemuuliza mwenyewe anataka ipi, msimchagulie.

Safari ni ndefu, basi linapita Nzega, Kahama, Biharamulo. Shukeni Muleba mlale hapo, mwende Kaboya asubuhi. Bebeni kiti kidogo cha mama, na sweta, kule juu asubuhi kuna baridi.