Nijiuzulu uenyekiti, niandike nina presha?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji huku Rungwe, upande wa juu kwenye chai na siku hizi maparachichi. Mwezi uliopita mtendaji aliniletea muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unaoonyesha wananchi wameridhia mwekezaji apewe ekari 90 kando ya mto. Mkutano huo haukufanyika. Tarehe iliyoandikwa, mvua ilinyesha tangu alfajiri na nusu ya kijiji tulikuwa msibani. Nimekataa kutia sahihi, ingawa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji kilichotangulia kila mjumbe alipewa bahasha ya elfu hamsini ya usumbufu nami nikapokea, na sasa wakubwa wananipigia simu kila siku. Nataka kujiuzulu nibaki na heshima yangu. Mke wangu anasema niandike nina presha, niondoke kwa amani. Shemeji yangu anasema nikiondoka nimemkabidhi fisi bucha. Nani yuko sahihi? (Mwenyekiti, Rungwe)

JIBU: Marahaba mwanangu, na ndaga kwa kuandika.

Nianze na hiyo presha, maana niliwahi kuugua ugonjwa huohuo. Mwaka 1998 nilikuwa diwani katika halmashauri moja ya nyanda hizi za juu, sitaitaja. Tulinunua mabati ya madarasa. Karatasi zilisema geji 28. Yaliyoshushwa kwenye lori yalikuwa geji 32, unayakunja kwa mkono kama jani la mgomba. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya fedha na nilijua. Nikakosa usingizi, nikaandika barua: "Kutokana na hali ya afya yangu, naomba kujiuzulu." Mstari mmoja na sahihi.

Unajua walichonifanyia? Waliniaga kwa sherehe. Wakachinja mbuzi, wakanipa redio na shuka la Kimasai, na aliyetoa hotuba ya kunisifu ndiye aliyekula pesa ya bati. Akasema mimi ni mfano wa uadilifu. Nikapiga makofi pamoja nao, nifanyeje? Akina mama wa jumuiya wakaniletea uji wa ulezi wiki nzima. Mpaka leo yupo mama mmoja sokoni Tukuyu, nikipita kwenye ndizi zake ananiuliza, "Baba, presha inaendeleaje?" Sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo mkeo nampa pole, ana huruma ya mke, lakini hapo hapana. Barua ya afya ni zawadi kwa aliyeghushi muhtasari: inamwondolea mtu mbishi, tena inamwachia faili safi.

Shemeji yako ana hoja zaidi, japo hajaimaliza. Kiti hakikai wazi. Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 7, 2008, baada ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mwakyembe, wakati huo mbunge wetu wa Kyela, kusoma taarifa ya Richmond, ile kampuni ya mkataba wa umeme wa dharura, siku mbili tu zilipita Pinda akaapishwa. (Siku ile nilikuwa kinyozini, kichwa nusu kimenyolewa, kinyozi aliweka mashine chini mpaka redio ilipomaliza.) Ndugai alipoachia uspika Januari 6, 2022, Februari 1 kiti kilikuwa kimeshapata mwenyewe, Tulia Ackson, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini. Sasa kwako wewe, nani atakaa? Kama ni yule mjumbe aliyezihesabu noti zake mbele ya wenzake, shemeji yako anajua anachosema.

Lakini asikufanye ubaki milele kwa jina la kumzuia fisi. Wapo watu wamezuia fisi miaka ishirini, ukiwatazama vizuri wananenepa.

Mimi kujiuzulu nimekugawa mafungu kichwani mwangu. Kuna kwa kubanwa, hako tusikazungumze. Kuna kwa kuwajibika, kama alivyofanya Mzee Mwinyi miaka ya 1970. Watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza, katika msako wa wauaji wa vikongwe. Mwinyi hakumgusa mtu, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa yake. Akaandika barua, akaondoka, na nchi nzima ikajua kwa nini. Baadaye alipelekwa ubalozini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais, lakini usihesabu hiyo kama malipo. Siku anaandika hakuwa na ahadi ya mtu mfukoni.

La tatu ndilo lako. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere aliteuliwa na gavana kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache, kila alichopendekeza kikatupwa, na Desemba mwaka huohuo akatoka. Kwa nini asibaki akaendelea kusema? Kwa sababu kukaa kwake pale kulikuwa kumeanza kufanya kazi ya wengine: kuonyesha kwamba Waafrika wanashirikishwa. Kiti kilikuwa kimegeuka sahihi ya kuridhia.

Basi jiulize hilo. Je, kukaa kwako kwenye uenyekiti kumeshakuwa sahihi ya kuridhia? Naona bado. Kinyume chake, karatasi yao imekwama kwa sababu kalamu unayo wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha kwanza. Mkutano mkuu ni watu wote wa kijiji wenye miaka 18 na zaidi, siyo wajumbe na soda zao. Ndiyo maana walihitaji kuubuni.

Kwa hiyo usijiuzulu wiki hii. Itisha mkutano. Tangaza kanisani, msikitini, kwenye vilabu vya pombe na kwa wanaochuma chai, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Halafu mpe kijana mwenye sauti ausome ule muhtasari neno kwa neno, pamoja na orodha ya mahudhurio. Nina hakika kuna marehemu humo, au mtu aliyeko Chunya kwenye dhahabu. Waache wenyewe wasikie majina yao. Kabla ya hapo piga picha kila ukurasa na uweke nakala nje ya nyumba yako. Kughushi ni jinai. Takukuru, wale wa kuzuia rushwa, wako wilayani, na nakala utakayowapelekea wakugongee muhuri wa kupokelewa.

Inawezekana wananchi wakasikia yote wakasema mwekezaji aje. Hiyo ni haki yao, hata kama wewe mto unakuuma. Usijiuzulu kwa sababu umeshindwa kura.

Jiuzulu siku utakapoambiwa mkutano usifanyike na wewe utie sahihi, au siku karatasi itakapopita juu ya kichwa chako na wewe ukaendelea kuitwa mwenyekiti wa kijiji kilichoiridhia. Siku hiyo usilale nayo. Andika kwa mkono wako, taja tarehe ya mkutano wa uongo, taja ekari 90, taja mto. Nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, na nyingine isomwe mbele ya watu. Wakitaka kukuchinjia mbuzi, mwombe radhi mbuzi.

Nimebakiza bahasha. Uliitaja katikati ya sentensi, kama mtu anayekohoa wakati wa sala, ukadhani sitaisikia. Ndiyo kamba waliyokufunga, na ndiyo maana simu zinapigwa kwa ujasiri. Siku utakaposimama kuusoma ule muhtasari, mtu atanyanyuka nyuma aseme, "Mwenyekiti, na elfu hamsini yako?" Mtangulie. Uirudishe kwa aliyekupa, akusainie kwamba amepokea; akikataa, ikabidhi mkutanoni na iandikwe. Kama umeshaila, uza hata debe mbili za mahindi. Na ukienda kurudisha nenda na shahidi, ila asiwe shemeji yako.