Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Jeshini Uiandikeje kwenye CV ya Uraiani?

*Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara, Nachingwea na Lindi mjini. Zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti, kwa hiyo tumezijibu pamoja.*

Nimemaliza utumishi JWTZ nikiwa Sajenti, miaka 18, kumi ya mwisho nikiwa stoo ya kikosi. Nimeomba kazi kwenye maghala ya korosho, bandarini na kiwandani, hakuna aliyenipigia simu. CV yangu ina kurasa tano: namba ya jeshi, vikosi vyote nilivyopita, kozi zote 14, na nimeandika kwamba nina nidhamu ya hali ya juu. Kosa liko wapi?
*Mstaafu, Chikongola, Mtwara*

Kaka, kosa ni kwamba CV yako inasomeka vizuri kwa mtu aliyewahi kuishi kambini, na anayeipokea ghalani hajawahi. Yeye anatafuta mtu wa kupokea mzigo, kuukagua, kuuandika, kuutunza na kuutoa bila kilo kupotea. Wewe umeifanya kazi hiyohiyo miaka kumi, lakini katika kurasa zako tano haionekani popote. "Sajenti" kwake ni neno la heshima tu. Halimwambii ulikuwa na watu wangapi chini yako wala mali gani ilikuwa mikononi mwako.

Tuchukue mstari wako mmoja. Umeandika: "Sajenti wa stoo, 2013–2023, nilitekeleza majukumu yote niliyopangiwa." Uvunje uandike hivi, ila takwimu ziwe zako za kweli, hizi tumeweka kwa mfano tu:

*Msimamizi wa stoo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, 2013–2023*
*– Nilisimamia watunza stoo 4 na kuwapangia zamu.*
*– Nilipokea, kukagua na kutoa vyakula, sare, vipuri na vifaa vya ujenzi, aina zipatazo 600, kwa leja na bin kadi.*
*– Kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali ya rafuni, nikailinganisha na leja na kuandika maelezo ya kila tofauti.*
*– Nilitunza nafaka za magunia juu ya chaga, na kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka.*

Tazama mstari wa tatu. Mtu wa ghala akiona "nikailinganisha na leja" anajua umeshika kalamu, hukuwa mlinzi wa mlangoni. Mstari wa nne unamgusa mwenye korosho moja kwa moja. Gunia la korosho ghafi likikaa sakafuni hunyonya unyevu, na unyevu ukipanda ubora unashuka. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mwendesha ghala hupokea mzigo kwa uzito na ubora maalumu, na hivyohivyo ndivyo anavyodaiwa siku ya kuutoa. Mtu aliyezoea kuulizwa kila kilo ya mchele iliyopungua ni mtu anayemtafuta. Mwambie hivyo kwa vitendo ulivyofanya.

Neno "nidhamu" lifute. Si kwamba halina maana. Kila mwombaji analiandika, na mwenye nayo huonyesha kwa jambo. Kama ukaguzi wa mwaka ulipita stoo yako bila hoja, liandike hilo na mwaka wake. Namba ya jeshi itoe, itaonekana kwenye cheti chako cha kumaliza utumishi ukitakiwa kukileta. Katika kozi 14 bakiza zinazohusu kazi unayoomba: utunzaji stoo, kompyuta, huduma ya kwanza, uzimaji moto. Kozi ya kulenga shabaha ina nafasi yake ukiomba kazi ya ulinzi, na hapo tu.

Jihadhari na upande wa pili pia. Wapo wanaoshauriwa kujiita "Meneja Ugavi" ili CV ing'ae. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa uliandaa bajeti ya shilingi ngapi na uliingia mikataba na wazabuni gani. Kama hukufanya, umejiangusha mwenyewe kwa kazi ambayo ungeipata kwa jina lako la kweli. Na tangazo likitaka usajili wa PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, uzoefu peke yake hauzibi pengo hilo. Anza na tangazo la mtunza stoo ambalo halidai usajili, huku ukiuliza Bodi njia ya kuingilia.

Kurasa mbili zinatosha.

Nimejitolea JKT miaka miwili, nimerudi nyumbani bila kuajiriwa. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nyumbani wanasema miaka ile imepotea. Je, naweza kuiandika?
*Binti, Nachingwea*

Iandike, mdogo wetu, tena juu kabisa, maana ndiyo kazi yako ya kwanza. Tatizo tunaloliona kwa vijana wengi ni kuandika "Nilihudhuria mafunzo ya JKT" na kuishia hapo. Msomaji anaona kwata na mchakamchaka. Haoni shamba, bustani, matofali wala jikoni.

Umetuambia kwenye barua kwamba miezi minane ulikuwa jikoni, wapishi sita mkilisha watu 350 mara tatu kwa siku. Hilo ndilo la kuandika, kwa maneno hayohayo na namba hizohizo. Mwenye hoteli au mgahawa wa Lindi au Mikindani anajua tofauti ya kupikia watu wanane na kupikia 350. Ya pili inataka kupima unga kabla, kuwasha moto kwa saa, kujua sufuria lipi litangulie, na kuacha jiko safi usiku ili asubuhi chai isichelewe. Ongeza uliloshika wewe mwenyewe: kupokea vyakula kutoka stoo, kupika, kugawa, au usafi wa vyombo.

Ila usijiite mwanajeshi mstaafu. Andika "Kijana wa kujitolea, Jeshi la Kujenga Taifa", mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, halafu cheti kiambatane. Mwajiri akigundua umepandisha cheo, hata yaliyo ya kweli atayatilia shaka.

Kisha nenda chuo cha ufundi cha VETA, Lindi au Mtwara, uulize utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ni kwa watu kama wewe, wanaojua kazi bila kupita darasani. Unahojiwa, unafanya kazi kwa vitendo mbele ya mtathmini, unaelekezwa penye upungufu, na ukifaulu unapata cheti. Uliza kama fani yako ya mapishi inatathminiwa kwenye kituo hicho na lini. Kwako wewe cheti hicho kitafungua milango mingi kuliko CV nzuri bila cheti.

Mimi dereva, nimeendesha magari makubwa jeshini miaka 12, pamoja na kwenye ulinzi wa amani Darfur. Nataka kazi ya kubeba saruji kwenda Dar es Salaam. Naogopa kuandika mambo ya jeshi nikavunja sheria. Mpaka wapi ni ruhusa?
*Dereva, Lindi mjini*

Woga wako ni wa busara, ndugu yetu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachi kwa sababu umevua sare. Ila mpaka ni rahisi kuuona: andika kazi, acha siri. Kwamba Tanzania ilipeleka wanajeshi Darfur, Sudan, chini ya UNAMID, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, si siri, na kwamba ulikuwa dereva wa lori huko si siri. Idadi ya silaha, ramani ya kambi, ratiba za misafara na mawasiliano ya kikosi havitajwi, wala kwenye usaili. Ukiulizwa jibu kwa adabu, "Hilo siruhusiwi kulieleza, lakini naweza kueleza nilivyotunza gari."

Halafu eleza kwelikweli, maana hapo ndipo wenye malori wanapokusikiliza. Andika aina ya gari na uwezo wake kwa tani, kama lilikuwa na tela, na ukaguzi uliofanya kabla ya safari: oili, maji, upepo wa matairi, breki, taa, kamba za mzigo. Taja barabara ulizozoea, ya lami, ya mchanga na ya tope. Eleza kama uliwahi kufanya matengenezo madogo njiani. Kama hukupata ajali, liandike hilo pamoja na miaka yake. Kitabu cha safari za gari ni mali ya jeshi, usikitoe nakala. Kilomita zikadirie, uandike "takriban".

Kagua leseni kabla ya kutuma chochote. Kazi ya lori inataka daraja E, na kama yako imeisha muda au ina daraja lingine, hakuna atakayesubiri. Picha ya kuambatanisha iwe ya nguo za kiraia. Sare si yako tena, na tumeona CV nzuri ikiwekwa pembeni kwa sababu ya picha ya kombati.

Mengine kwa kifupi

Wengi mmeuliza lugha. Fuata lugha ya tangazo: likiwa la Kiswahili, omba kwa Kiswahili.

Kuhusu wadhamini: wawe watatu. Mmoja awe aliyekuwa kiongozi wako wa kazi, lakini mpigie kwanza, kwa sababu wengi wamehamishwa na namba zimebadilika. Wengine wawili wawe raia wanaokujua sasa, kwa mfano mwalimu, kiongozi wa ushirika, au mtu uliyemfanyia kazi.

Mnaoomba serikalini kupitia Ajira Portal, someni masharti ya chini ya tangazo kabla ya kupoteza siku nzima kwenye intaneti. Mara nyingi umri wa mwisho ni miaka 45, na waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kama hilo linakugusa, nguvu zako zielekeze kwa waajiri binafsi.

Na majina. Kama cheti cha jeshi kinasema Saidi na kitambulisho cha NIDA kinasema Said, au jina la babu limeachwa, usingoje mpaka siku ya kusaini mkataba. Tofauti ndogo kama hiyo waajiri wengi binafsi huikubali kwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Jina likiwa tofauti kabisa, muulize wakili huyohuyo kuhusu hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kwa sababu kiapo pekee huenda kikakataliwa.