Kuunganisha amplifaya ya pachi-klampu na kompyuta: anza na seli bandia

Ndugu, umeuliza namna ya kuunganisha na kompyuta yako Axopatch 200B, yaani amplifaya ya pachi-klampu inayopima mikondo midogo mno ya umeme ya seli kupitia pipeti ya kioo iliyogusishwa kwenye utando wake, uliyoipata ikiwa imeshatumika, na kama unaweza kupitisha ishara yake kwenye tundu la maikrofoni ili kupunguza gharama. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika maabara moja huko Ujerumani, nchi ambako Erwin Neher na Bert Sakmann walirekodi mkondo wa chaneli moja ya ioni, yaani mlango mdogo kwenye utando wa seli unaopitisha chembe zenye chaji, mwaka 1976, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Tundu la maikrofoni halifai kabisa. Kadi ya sauti huzuia umeme usiobadilika, hivyo mkondo wa seli uliotulia kwenye kiwango kimoja utauona ukirudi kwenye sifuri, nawe utadhani chaneli zimejifunga ilhali ziko wazi vilevile. Tafuta kadi ya kupokelea data ya biti 16, inayosoma kuanzia −10 V hadi +10 V, na yenye uwezo wa kutoa volti pia. Kadi nyingi za National Instruments zinatosha, na programu ya WinWCP ya John Dempster wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, ambayo hutolewa bure, inazitambua.

Kebo za BNC, yaani kebo za ishara za vifaa vya maabara, unazohitaji kwanza ni tatu. Ya kwanza hutoka kwenye tundu lililoandikwa Scaled Output hadi kwenye kadi, ikibeba mkondo wa seli uliogeuzwa kuwa volti. Ya pili hutoka kwenye kadi kuingia kwenye amplifaya, ikibeba amri ya volti, yaani volti unayotaka seli ishikiliwe. Ya tatu, ambayo wengi huiacha, huipa programu taarifa ya kiwango cha ukuzaji ulichochagua kwa kitufe. Usipoiweka, siku utakapobadilisha ukuzaji kutoka 1 hadi 10 bila kuandika popote, namba zote za siku hiyo zitakuwa na makosa ya mara kumi.

Kompyuta haijui pikoampia (sehemu moja ya trilioni ya ampia) wala seli; inachoona ni volti tu, na wewe ndiye unayeiambia volti hizo zina maana gani. Hapo ndipo nilipoumia. Axopatch 200B ina viingilio viwili vya amri ya nje: kimoja hutoa milivolti 20 kwa kila volti inayoingia, kingine milivolti 100. Mimi nilichomeka kebo kwenye kile cha 20, huku programu ikiwa imeandikiwa 100. Kila hatua niliyoiagiza ikawa moja ya tano tu: niliposhikilia seli kwenye −70 mV na kuagiza ipande hadi 0 mV, ilifika −56 mV na kuishia hapo. Chaneli za sodiamu hazikufunguka, na kwa wiki mbili niliamini kwamba seli zangu zilikuwa mbovu, nikamwaga sahani baada ya sahani za seli ambazo huenda zilikuwa nzima.

Kwa sababu hiyo, nakusihi usiguse seli hai kabla ya kupima mfumo mzima kwa seli bandia, yaani kile kisanduku kidogo chenye rezista na kapasita kinachochomekwa mahali pa pipeti. Changu kina megaohmu 500 za utando na megaohmu 10 za pipeti. Ukituma hatua ya 10 mV kupitia kiingilio cha 20, kadi inapaswa kutoa 0.5 V, na mkondo ukishatulia usomeke karibu pikoampia 19.6, kwa kuwa 10 mV zimegawanywa kwa megaohmu 510. Ukiona 3.9 badala ya 19.6, umerudia kosa langu. Fanya kipimo hicho kwa ukuzaji wa 1 kisha wa 10, na jibu lisibadilike.

Kuhusu kichujio cha amplifaya, kinachokata masafa ya juu, weka 5 kHz na uchukue sampuli kwa 25 kHz au zaidi. Nadharia inadai sampuli angalau mara mbili ya masafa ya kichujio, lakini mara mbili ni chache mno kuonyesha umbo la mkondo wa haraka. Usiache kichujio kwenye 100 kHz ukichukua sampuli 10,000 kwa sekunde, maana kelele za masafa ya juu zitajikunja na kuingia ndani ya data, na hakuna namna ya kuziondoa baadaye.

Mawimbi yanayojirudia kila milisekunde 20 ni mvumo wa umeme wa ukutani wa 50 Hz. Kwanza chomoa chaja ya kompyuta na utazame kama yanapungua. Kisha unganisha ethi (waya wa ardhini) ya hadubini, meza na kizimba cha chuma kwenye nukta moja tu ya amplifaya, kila kifaa kwa waya wake, na upokee ishara kwa njia ya tofauti kati ya nyaya mbili ili kadi isifungue njia ya pili ya ethi. Kwenye BNC-2110, kisanduku cha National Instruments cha kuchomekea kebo za BNC, hilo huamuliwa na swichi ndogo iliyo kwenye kila kiingilio. Wapo watakaokushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usikubali, kwani kifaa kikipata hitilafu ndani, kizimba utakachokishika kwa mkono kinaweza kuwa na umeme kamili wa ukutani.