Vile visahani mlivyovihesabu

Wifi, picha ya meza yangu kwenye mkahawa wa Kikorea hapa London nimeiona ilivyorushwa kwenye kundi la familia, na maneno yako chini yake: “Wenzetu huko mlo mmoja vyombo kumi na mbili, huku paa la mama linavuja.” Ami naye akaongeza kuwa nshaisahau njia ya kwetu Micheweni, Pemba. Basi nakujibuni nyote kwa pamoja, maana kumpigia mmoja mmoja siwezi.

Vile visahani havilipiwi. Mkahawa wa Kikorea ndivyo ulivyo: unaagiza chakula kimoja, wao wanakujazia meza kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, matango ya pilipili, maharage yaliyochipua, na kimoja kikiisha unaomba unaongezwa bure. Nilichoagiza ni samaki wa kuchoma, jamii ya vibua, na wali. Paundi 14. Kima cha chini cha mshahara hapa Uingereza tangu Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, kodi haijakatwa, na mimi ndicho nilichokuwa nnalipwa. Yaani yule samaki ni zaidi ya saa nzima ya kumwogesha mzee wa watu, kumgeuza na kumbadilisha nguo, naye ananiita majina ambayo siyaandiki hapa Ami akayasoma.

Na anayeuliza kama nnakula nguruwe: sili. Wamo tele kwenye orodha yao, na pombe ipo meza za wengine. Mimi nachukua samaki na namuuliza bibi mwenye mkahawa supu kaipikia mfupa gani. Kimchi yenyewe mara nyingi hutiwa uduvi wa chumvi au maji ya dagaa. Kile kisahani cha kahawia pembeni ya picha pia ni dagaa, wakavu, wamekaangwa na sukari na ufuta. Mnacheka, lakini watamu.

Kibakuli cheusi ulichouliza, wifi, ni mwani. Wakorea huwapikia wazazi waliojifungua, na mtu siku yake ya kuzaliwa. Si ule wetu wa kulima, ni wa namna nyengine, ila utelezi wake mmoja. Mama kaulima mwani tangu mimi mdogo. Maji ya bamvua yakitoka, yeye na wenzake wameshainama, vidole vimechubuka kwa taitai, zile kamba za kufungia mwani, chumvi inaingia humo humo. Akauanika, akaubeba, akapimiwa kwa bei aitakayo mnunuzi, ukapakiwa kwenda kutolewa vya kugandishia aiskrimu na dawa ya meno ya watu. Yeye hajautia kinywani hata siku moja. Mimi nimeunywa supu London. Kama mlidhani ile supu ilishuka vizuri, basi hamnijui.

Haya, pesa, maana ndiyo mnayoitaka. Bati za mama nshazilipa mwaka jana. Zilikwenda wapi? Zilipikwa pilau, zikakodiwa kikundi cha taarabu, harusi ikasifiwa mpaka Konde. Wifi, unajua, na kaka anajua, na mama kwa kuwa ni mama akanyamaza. Halafu leo mnanihesabia visahani!

Naenda pale, New Malden, kwa Wakorea, siku ya mshahara, baada ya kutuma zenu. Kazini nnakula nimesimama, mkate baridi, jicho kwenye saa. Pale mkubwa ndiye anayeanza kula, kitu unapokea kwa mikono miwili, na yule bibi akiniona nimemaliza wali ananiletea mwengine bila ya kuuliza. Msinambie niache. Siachi.

Msije huku. Nasema hasa kwa wanaotaka kuuza mikarafuu wamlipe wakala: ruhusa za kuajiriwa kutoka nje kwa kazi hizi za kulea wazee zilifungwa Julai 2025. Anayekwambieni bado ana nafasi ni mwizi, hata akiwa na kanzu yake nyeupe. Kaeni, limeni, vueni, huku baridi inaingia mpaka kwenye meno na hakuna anayekujua jina. Ila mtoto wa kaka, yule aliyefaulu, akipata udhamini wa chuo mwacheni aje. Asije akakaa huko akaolewa haraka haraka. Chumba changu ni kimoja, tutabanana, na ntampeleka New Malden mimi mwenyewe. Aje na karafuu na pilipili za mama. Sweta asihangaike nazo, za huko hazifai kitu huku.

Pesa ya bati ntatuma tena mwisho wa mwezi. Safari hii haipiti kwako, wifi, wala kwa kaka. Inakwenda moja kwa moja kwa muuza bati Wete, na mama anirekodie sauti fundi akishapanda juu.